Mjadala: "Razzia" ya Kifaransa iendelee kubaki kwenye vitabu vya historia?

Mleta mada: Kifaransa kina pillage (uporaji), kina butin (nyara), na kina razzia (uvamizi wa kupora). Hili la mwisho limetoka kwenye Kiarabu cha Algeria, ghaziya, likashika mizizi katika Kifaransa miaka ya 1840, katika vita vya Ufaransa dhidi ya Emir Abdelkader, kiongozi wa Waalgeria. Hoja yangu: tuache kuziita operesheni za Jenerali Bugeaud, aliyeongoza jeshi la Ufaransa huko Algeria, "razzia". Neno hilo linamfanya msomaji aone Wafaransa walifuata tu mila ya wenyeji.

Mchangiaji 1: Napinga. Makabila yalivamiana na kuswaga mifugo kabla Mfaransa hajashuka Sidi Ferruch, pwani ya Algeria, mwaka 1830. Bugeaud aliiga: akaacha mikokoteni na mizinga mizito, mizigo akawabebesha nyumbu, vikosi vyepesi vikazingira kambi alfajiri.

Mchangiaji 2: Mkuu, hiyo ni namna ya kusafiri tu, si lengo. Mvamizi wa kikabila alitaka wanyama. Akilimaliza kabila jirani, mwakani atavamia nani? Bugeaud alitaka kabila lishindwe kuishi hadi lisalimu amri. Ndiyo maana mazao yalichomwa, miti ya matunda ikakatwa, na mashimo ya kuhifadhia nafaka yakasakwa. Jenerali Lamoricière, Mfaransa mwingine, aligawia askari vinu vya mkono wasage nafaka hiyo hiyo, hivyo kikosi hakikungoja chakula kutoka pwani, na kadiri kilivyokaa ndivyo akiba ya wenyeji ilivyokwisha. Juni 1845, huko Dahra, eneo la milima la Algeria, watu waliokimbilia pangoni waliwashiwa moto mlangoni kwa amri ya Kanali Pélissier, mamia wakafa kwa moshi. Hiyo nayo ni ghaziya?

Mchangiaji 3: Kisheria neno halina meno. Mkataba wa The Hague wa 1899 kuhusu sheria za vita, kifungu cha 47, unakataza pillage; razzia haimo. Butin nayo asili yake ni Kijerumani cha kaskazini, na inahusu kugawana. Na leo Mfaransa "anafanya razzia" kwenye meza ya vitafunio, yaani anavimaliza vyote! Tusisahau Kongo: wamisionari na Wabelgiji walilipenda sana neno razzia walipoandika juu ya misafara ya Waarabu na Waswahili huko Manyema, mashariki mwa Kongo. Lakini ukatili wa kuwalazimisha watu kukusanya utomvu wa mpira chini ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ukapewa majina ya kiofisi.

Mchangiaji 1: Sawa, lakini maofisa wenyewe waliandika "razzia" kwenye ripoti na barua zao, tena kwa fahari. Ukilifuta unawasafishia. Liache ndani ya alama za kunukuu, kisha taja mifugo iliyochukuliwa, mashimo yaliyofukuliwa na nani alitoa amri.

Mleta mada: Kwenye nukuu nakubali. Kwenye kichwa cha sura, bado nakataa.