Naomba ushauri: mama anapenda tamthilia zilizoingizwa sauti, mimi zinanishinda

Mwana wa Ngamiani
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Tangu baada ya Idi ninaishi na mama yangu hapa Tanga, na nyumba yetu ina televisheni moja. Kuanzia saa moja usiku hadi saa tatu rimoti huwa mkononi mwake, naye hataki kingine isipokuwa tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti ya Kiswahili. Ningependa kukaa naye, kwa kuwa ndiyo saa pekee tunayokuwa pamoja, lakini dakika kumi hazipiti kabla sijainuka. Mdomo wa mwigizaji umekwisha kufumba na sauti bado inaendelea. Wanawake watatu wanalia kwa sauti ya mtu mmoja. Na juzi nilimsikia kijana akimwambia baba wa mchumba wake, "Wewe Kemal, nisikilize," kana kwamba anagombana na kondakta wa daladala. Sidharau tamthilia, maana Jua Kali ya Lamata nimeifuatilia kwa muda mrefu. Ningetafuta zenye maandishi chini ya picha, ila mama hawezi tena kuyasoma. Je, ipo tamthilia itakayotufaa sote wawili, au nijifunze kuvumilia?

Bi Chake
Mwanangu, mimi ni wa upande wa mama yako, ila na mimi lipo linalonichosha, nalo ni kutazamana. Wapenzi wanaangaliana, muziki unapanda, kamera inamzunguka mmoja, inamrudia mwenzake, na chai yangu inapoa hakuna aliyetamka neno. Sababu yake ni kwamba huko Uturuki sehemu moja hurushwa mara moja kwa wiki na huchukua saa mbili au zaidi, hivyo muda ni lazima ujazwe. Inapouzwa nje ndipo hukatwa vipande vya dakika 45 hivi. Ndiyo maana kipande kingine hukatika pasipokuwa na kituo cha hadithi.

Sauti ya Pazia
Niliwahi kufanya kazi ya kuingiza sauti kwa miaka miwili, kwa hiyo naomba nijitetee kidogo. Mturuki anauliza "Ne?" na mdomo umefunga, sisi tunatakiwa kuingiza "Unasema nini?" mahali hapo hapo. Tukifupisha tunaambiwa tumeharibu maana, tukirefusha midomo inatuumbua. Hata hivyo, hilo la Kemal halina utetezi. Nilikofanya kazi mimi, maandishi yalitufikia kwa Kiingereza, na njiani heshima yote ilikuwa imedondoka. Kwa Kituruki mtu mzima huitwa "amca", ambaye ni ami, na binti huita "abla" yule ambaye sisi tungemwita dada. Kiingereza huweka jina tupu, na mfasiri asiyejua kilichokuwapo naye huweka jina tupu. Matokeo yake tamthilia inayohusu familia zenye adabu kuliko zetu inasikika kama imejaa watoto waliokosa malezi. Nilikuwa nikirudisha "baba" na "shikamoo" kimyakimya, na msimamizi akinikamata ananiambia sekunde hazitoshi.

Msafiri wa Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Mjaribishie mama tamthilia ya Sultana, iliyoanza kuonyeshwa na Citizen TV mwaka 2022. Mhusika wake mkuu ni msichana asiyeona, mandhari ni ya pwani, na Kiswahili chake hakikupitia kwa mfasiri. Kama hapendi kufuatilia kisa kirefu, Vioja Mahakamani ya KBC ni bora zaidi: kesi inaanza na kuisha siku hiyo hiyo, na vituko vingi vimo katika maneno ya mshtakiwa na hakimu. Jambo linaloniudhi katika tamthilia zetu ni sauti kurekodiwa ovyo, hata unasikia feni kuliko mwigizaji.

Kibanda Umiza
Nawauliza wenzangu: mbona Lufufu hakumchosha mtu? Alikuwa mmoja, akisimulia filamu nzima kwa sauti yake, na midomo haikulingana hata mara moja. Nadhani ni kwa sababu hakujifanya kuwa yeye ndiye anayeonekana kwenye picha. Alikaa upande wetu, akituambia huyu muongo na yule atakufa. Kinachomkera ndugu yetu ni sauti inayodai kuwa ya mdomo ule.

Mwana wa Ngamiani
Nawashukuru nyote, na shikamoo Bi Chake. Jana nilimuuliza mama kama ile midomo haimsumbui. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani, vidole vikitafuta mawe bila yeye kuinamisha kichwa, akanijibu, "Midomo gani? Mimi naona ukungu tu, mwanangu." Kumbe miezi yote hii anasikiliza, hatazami, nilidhani ni herufi ndogo tu zinazomshinda. Ijumaa tunakwenda kliniki ya macho. Kinachomuudhi yeye ni kule kutazamana, kwa kuwa muziki ukipanda na watu wakinyamaza hajui kinachoendelea. Basi nilikaa nikawa namsimulia: sasa amemwangalia, sasa ameficha barua, huyu mama mkwe kasimama mlangoni. Nilifika mwisho wa sehemu nzima bila kuinuka. Ila aliniambia nipunguze maneno, namfunika Kemal.