Naomba ushauri: riwaya yangu ya vichekesho inasomwa, hainunuliwi

Habari zenu wakuu. Nimeandika riwaya ya vichekesho, kurasa 140, kuhusu konda wa daladala ya Mbagala anayegombea uenyekiti wa mtaa. Miaka miwili hiyo, naandika usiku watoto wakishalala. Kila Ijumaa narusha kipande kwenye magrupu ya WhatsApp; watu wanacheka, wanadai kinachofuata. Nikitaja kitabu kizima shilingi 5,000, kimya! Nilitoa nakala 30 steshenari, nikampa muuza magazeti wa kituoni. Zimetoka mbili. ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) najua inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, hapo sina shida. Nilipokwama ni kuuza. Je, nikate utamu katikati walipie, au niisome kwa sauti TikTok? Mliowahi kuuza hadithi zenu, mlianzaje?