Mkamba au nimonia? Tunaoshika vifua vya wagonjwa, tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa matabibu, wauguzi, wafamasia na watu wa eksirei. Mgonjwa anakohoa wiki nzima: ni mkamba, au imeshakuwa nimonia? Visa vya wagonjwa tuviache. Leteni mnachopima, mnavyokipima, na pale watu wanapokosea.

Naanza na msingi. Kwenye mkamba kinachovimba ni mirija mikubwa ya hewa. Inatoa makohozi na kukereketa, ila vifuko vidogo vya mwisho, ambamo oksijeni huingia kwenye damu, vinaendelea na kazi. Kwenye nimonia ni vifuko hivyo vinavyojaa usaha na majimaji. Kwa hiyo mwenye mkamba anaweza kukohoa usiku kucha na bado, akitulia, akapumua sawasawa. Mwenye nimonia anaweza kukohoa kidogo sana huku pumzi zikimwishia akienda msalani tu.

Tabibu wa Zamu

Umefungua vizuri mkuu. Kwa mtu mzima mimi huangalia vitu vinne: joto kuzidi 38, mapigo ya moyo kuzidi 100 kwa dakika, pumzi kuzidi 24 kwa dakika, na sauti isiyo ya kawaida katika sehemu moja ya kifua. Vyote vinne vikikosekana kwa mtu wa chini ya miaka 70 asiye na ugonjwa mwingine mkubwa, nimonia ni ya nadra, na eksirei haina haja.

Lakini muulize amemeza panadoli saa ngapi. Aliyemeza saa mbili zilizopita joto limeshuka na mapigo yameshuka nayo, ukiandika "hana homa" unajidanganya.

Pumzi zihesabiwe dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 ni kosa la kila siku: ukikosea pumzi moja, umekosea nne. Tena usimwambie kwamba unazihesabu, maana atabadilisha. Shika kifundo cha mkono wake kana kwamba bado unapima mapigo, macho yako yakiwa kifuani.

Kusikiliza nako kuna namna yake. Vua shati, anza mgongoni chini, ndiko nimonia nyingi zinakojificha; anayeweka stetoskopu kifuani mbele tu ameacha sehemu kubwa ya pafu. Mwambie akohoe kwanza. Sauti inayohama au kupotea baada ya kukohoa ni makohozi ya kwenye mirija. Ile inayobaki palepale kila anapovuta pumzi ndefu, laini kama nywele zinazosuguliwa kwa vidole karibu na sikio, hiyo ndiyo ya kuogopa.

Muuguzi_Watoto

Kwa watoto, tafadhali sana, msiishie kwenye kikohozi. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya kupumua haraka ni hivi: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi, mwaka 1 hadi miaka 5, 40 au zaidi. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Wa chini ya miezi 2 akifika 60, rudia kuhesabu, maana watoto wachanga hupumua kwa vipindi visivyolingana.

Kisha inua nguo yote, usiichungulie. Tazama pale mbavu za chini zinapokutana na tumbo. Mtoto akivuta pumzi, sehemu hiyo inatakiwa kutoka nje; ikibonyea ndani kila pumzi, mtoto anatumia nguvu kupita kiasi. Mama akiwa amemkunja kiunoni utaona mbonyeo ambao haupo, kwa hiyo mlaze sawasawa mapajani.

Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea haamki vizuri, au mwenye oksijeni ya damu chini ya 90%: huyo haijadiliwi, anapelekwa hospitali muda huohuo.

Mwenye sauti ya mluzi anapotoa pumzi mpe kwanza salbutamoli (dawa ya kupanua mirija ya hewa) ya kuvuta kwa spesa, kile kichupa kinachounganishwa na pampu, subiri dakika 15 hadi 20, hesabu upya. Inaweza kurudiwa hadi mara tatu. Wengi hushuka chini ya kiwango, na tatizo lilikuwa mirija kubana, antibayotiki isingesaidia kitu.

Mgeni wa Jukwaa

Samahani wataalamu, makohozi yakiwa ya kijani si ndiyo dalili ya bakteria?

Mfamasia Kaunta

Hapana ndugu yangu, na imani hii ndiyo inayouza antibayotiki nyingi bila sababu. Rangi ya njano au kijani inatokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana. Hata kirusi huileta. Mkamba wa ghafla kwa sehemu kubwa sana ni wa virusi, na kikohozi chake hukaa hadi wiki 3 hata homa ikiwa imekwisha siku za mwanzo. Anayebadilisha antibayotiki siku ya 7 kwa sababu "bado nakohoa" anajiongezea kuharisha na usugu wa dawa tu.

Makohozi yenye rangi ya kutu au damu ni habari nyingine. Vilevile mafua yaliyokuwa yanapona, mtu akapata nafuu siku mbili tatu, kisha homa ikarudi kwa kutetemeka na kichomi upande mmoja akivuta pumzi: huyo simuuzii sirapu, namwelekeza akapimwe.

Asali inapunguza kikohozi, ila asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1.

Picha ya Kifua

Eksirei nayo isiabudiwe. Ikipigwa mapema mno, au mgonjwa amekaukiwa maji, kivuli cha nimonia kwenye picha kinaweza kuwa hakijajitokeza. Na baada ya kupona kivuli hukaa wiki kadhaa, kwa hiyo kurudia picha wiki ya 2 kwa mtu aliyepata nafuu kunaleta hofu ya bure. Wa kurudia baada ya wiki 6 ni mvutaji sigara au mtu wa zaidi ya miaka 50, kuhakikisha hakuna uvimbe uliojificha nyuma ya kivuli.

Kipima oksijeni cha kidoleni: futa rangi ya kucha, pasha vidole moto, ngoja namba itulie. Kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko ukweli, hivyo 93% yenye pumzi za haraka msiipuuze.

Tabibu wa Zamu

Nyongeza kuhusu wazee: homa inaweza isiwepo kabisa. Mzee aliyeanza ghafla kuchanganyikiwa, kuanguka au kukataa chakula, mpime pumzi na oksijeni hata kama hakohoi. Kuchanganyikiwa, pumzi 30 au zaidi, presha ya juu chini ya 90 au ya chini 60 kushuka, umri wa 65 au zaidi: kila kimoja alama moja. Sifuri mara nyingi hutibiwa nyumbani, 1 au 2 afikiriwe kupelekwa hospitali, 3 kwenda juu ni kulazwa haraka.

Na mwenye VVU anayekohoa kikavu kwa wiki kadhaa, kifua unakisikia safi lakini oksijeni inashuka akitembea hatua chache, usimwandikie mkamba.

Mgeni wa Jukwaa

Asanteni sana. Akishaanza dawa za nimonia, tusubiri siku ngapi?

Muuguzi_Watoto

Saa 48 hadi 72, dada. Ndani ya muda huo homa ishuke na pumzi zipungue. Hazijapungua, arudi, akizidiwa kabla, arudi hapohapo. Kikohozi na uchovu vitabaki wiki kadhaa, hivyo si kipimo cha dawa kushindwa. Ila kikohozi chochote kikifika wiki 2, makohozi yapimwe kifua kikuu, hasa kama kuna kukonda au jasho la usiku.