Kalenda ya matukio ya kitaaluma na ajira hapa chuoni: nani anaipanga, na anampangia nani?

Wakuu, leo acha niseme, maana nikinyamaza nitapasuka.

Tangazo la "Matukio yajayo ya kitaaluma na ajira" limeingia jana usiku kwenye barua pepe ya chuo. Ukilifungua, tukio la kwanza ni leo asubuhi, na pembeni wameandika kwa herufi nyekundu: usajili umefungwa. Sasa hapo mlikuwa mnatutangazia au mnatusuta?

Haya, tulipishe hilo. Shuka chini uone. Maonesho ya ajira, siku ambayo mwaka wa mwisho wote tunaisubiri, yamewekwa wiki ileile ya kutetea tasnifu. Waajiri wanakuja kutafuta wahitimu watarajiwa, na wahitimu watarajiwa wamefungiwa vyumbani wanabanwa maswali na watahini. Mwaka jana ilikuwa hivihivi. Nilipita pale mara moja: meza zimejaa kalamu na vipeperushi, foleni yote ni mwaka wa kwanza wanaofuata mifuko ya bure, na dada mmoja wa rasilimali watu ameinamia simu yake, hana wa kumhoji. Wadogo zetu siwalaumu, mfuko ni mfuko.

Halafu warsha ya kuandika sivii iko wiki moja BAADA ya maonesho. Yaani ukagawe kwanza sivii mbovu kwa kila mwajiri, ndipo uje ufundishwe ilivyotakiwa kuwa.

Ila kinachonitoa machozi ni semina ya ufadhili wa masomo ya nje. Imepangwa Machi. Machi, jamani! Programu nyingi za Erasmus Mundus, ule ufadhili wa uzamili wa Umoja wa Ulaya, hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Chevening, ufadhili wa uzamili wa serikali ya Uingereza, hufungua dirisha Agosti na mwaka hauishi halijafungwa. Kwa hiyo tutakaa ukumbini kutwa nzima kusomewa fursa ambazo muda wake umeshapita. Na bango linasema semina ni "mahususi kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho", wakati Chevening wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, kama miaka miwili hivi. Mtu ambaye hata cheti hajashika atazitoa wapi? Aliyeandaa hilo bango alisoma masharti kweli, au alinakili nembo tu?

Mihadhara ya wageni sina neno nayo. Ile huwa inapangwa vizuri, labda kwa sababu wakubwa nao wanahudhuria.

Najua kuna mtu atakuja hapa kusema "wanafunzi wenyewe hamjitokezi". Mkuu, kabla hujaandika hivyo, nijibu hili: ratiba ya mitihani na ya utetezi anaitoa nani? Si chuo hichohicho? Kuna ugumu gani kuifungua kabla ya kuwaalika waajiri? Na kalenda ya muhula mzima inashindikana vipi kutoka wiki ya kwanza ya masomo?

Wenye watu wao kwenye kitengo kinachopanga kalenda hii, wafikishieni. Na ile fomu ya tathmini inayofuata kila tukio, "Je, umenufaika?", msinitumie tena. Mwaka jana niliijaza, kisanduku cha maoni kikagoma kabla sijamaliza sentensi ya kwanza.