Stika imeandikwa "kiyoyozi": waagizaji wa vipodozi, mnamwandikia nani?

Wanajamvi, salaam.

Nina duka la vipodozi hapa Mwanjelwa, Mbeya, na ninaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie. Mwezi uliopita nilinunua kwa jumla katoni moja ya rangi nyeusi ya nywele, jamii ya hii tunayoiita piko, kutoka kwa mwagizaji ambaye sitamtaja. Boksi lote ni Kifaransa kitupu. Upande mmoja imebandikwa stika nyeupe yenye maneno haya, ninayanukuu kama yalivyo: "Rangi ya nywele na kiyoyozi. Epuka kuwasiliana na macho. Fanya mtihani wa kiraka masaa 48 kabla."

Kiyoyozi, ndugu zangu, ni ile mashine inayopuliza baridi ofisini, na kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita sijui nani anaihitaji kichwani; walikusudia "conditioner", ile dawa ya kulainisha nywele. Macho nayo tumekatazwa kuzungumza nayo, badala ya kuambiwa rangi isiyaguse. Huo "mtihani wa kiraka" nilimwonyesha binti anayenisaidia dukani, ambaye amemaliza kidato cha nne, akaniuliza kama ni kiraka cha nguo. Kilichokusudiwa ni kwamba mteja apake rangi kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, asubiri siku mbili, aone kama ngozi itawasha au kuvimba, kwa sababu rangi hizi nyingi zina kemikali ambayo baadhi ya miili haiivumilii kabisa. Katika maneno yote yaliyo kwenye stika ile, hilo ndilo lingeweza kumwokoa mtu, na ndilo lililogeuzwa kuwa fumbo.

Mama mmoja wa Uyole, mteja wangu wa miaka mingi, alinunua boksi moja, akapaka kichwani, na iliyobaki akamalizia kwenye nyusi. Siku ya pili alirudi dukani amejifunga kanga usoni, jicho moja limefumba kabisa. Onyo la kutopaka kwenye nyusi na kope lilikuwepo, nimelikuta baadaye baada ya kutafsiriwa na dereva wa lori mwenyeji wa Lubumbashi, lakini lilikuwa kwa Kifaransa, na nusu yake lilikuwa chini ya stika. Tarehe ya mwisho wa matumizi pia ilikuwa chini ya stika hiyo hiyo; niliifikia kwa kubandua na ukucha. Na mimi sijitoi katika kosa hili, kwa kuwa nilipouza nilimwambia, "Ni piko tu mama, nenda kapake."

Nilipompigia simu mwagizaji, alinipa majibu mawili. La kwanza ni kwamba mzigo wake unauzwa katika soko lenye lugha nyingi, unapita Tunduma kwenda Zambia na Kongo, kwa hiyo hawezi kumridhisha kila mtu. Hebu na asimame siku moja mpakani pale. Mnunuzi wa Nakonde, upande wa Zambia, ambaye nyumbani anasema Kinamwanga au Kibemba, akivuka kuja kununua anapatana bei kwa Kiswahili. Yule dereva wa Lubumbashi alinisomea Kifaransa kile na kunieleza kwa Kiswahili, ambacho kwao ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Wanyakyusa wa ng'ambo ya Kasumulu, upande wa Malawi, vivyo hivyo. Hata SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Lugha ya kuwafikia watu wa barabara hii nzima ipo, na ndiyo hiyo hiyo aliyoiachia mashine imtafsirie bila mtu yeyote kuisoma.

Jibu la pili ni kwamba kanuni zetu zinataka lebo iwe kwa Kiswahili au Kiingereza, naye ameweka Kiswahili. Hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Hiyo "au" inamruhusu mwingine kutuletea maonyo kwa Kiingereza pekee, na kwa kuwa hakuna anayepima ubora wa Kiswahili chenyewe, inamruhusu huyu kubandika upuuzi na kuuita Kiswahili.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wamelipanga jambo hili vizuri katika kanuni yao ya vipodozi ya mwaka 2009. Majina ya viambato huandikwa kwa istilahi moja inayofanana kote, ndiyo maana hata kwenye losheni zinazofika kwetu mnaona "Aqua" na "Parfum". Siombi yatafsiriwe hayo. Lakini maonyo na matumizi ya bidhaa huandikwa kwa lugha ambayo kila nchi imeiamua kwa sheria yake. Muuzaji anayetaka soko la Ufaransa anaandika Kifaransa kinachosomeka, na hakuna anayemwonea huruma kwa gharama za uchapaji.

Ninachotaka ni kwamba maonyo, namna ya kutumia na tarehe viwe kwa Kiswahili kwa lazima, lugha nyingine ziongezwe akipenda, na stika isifunike kitu. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo mahali pa kupeleka hoja hii panajulikana, na barua yangu nimeshaiandika. Wenye maduka Iringa, Makambako, Njombe na Tukuyu ambao mmekutana na stika za namna hii, wekeni picha zake hapa niziambatanishe. Boksi ishirini na tatu bado ziko chini ya kaunta yangu. Mwagizaji amekubali kuzipokea, ila nauli ya kuzirudisha Dar nilipe mimi.