Mada: Mbunge aliyeimba SPEED, na mtoto wetu asiyesikia

Mama Kifungua Mimba, Saitama, Japani:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za majukumu. Mtoto wetu hajafikisha mwaka, na hospitali imethibitisha kwamba hasikii masikio yote mawili. Jirani Mjapani, katika kunitia moyo, akanisimulia habari za mbunge Imai Eriko, kwamba naye mwanawe ni kiziwi. Basi mume wangu kashikilia tumwandikie barua na tuambatanishe chochote kidogo kama mchango, huenda akatushika mkono. Mnasemaje?

Mzee wa Chiba:

Marahaba mwanangu, na poleni. Huyo tuliokuwa huku miaka ya tisini hatukuwa na pa kumkwepa. SPEED, kundi lake la muziki, walikuwa wasichana wanne wa Okinawa, wakatoa wimbo wa kwanza mwaka 1996, Imai akiwa na miaka 12. Wanavunja kundi mwaka 2000, bado ni vijana wadogo. Mwanawe alizaliwa 2004, na 2008 mama akasema kwenye televisheni, nchi nzima ikisikia, kwamba mtoto ni kiziwi. Mwaka 2016 akaingia bunge la juu kwa tiketi ya chama cha LDP, akarudi tena 2022. Simpambi: ile safari ya Ufaransa ya kitengo cha wanawake cha chama chake, 2023, iliwaudhi wengi, na wapo wanaosema alipigiwa kura na wapenzi wa nyimbo. Lakini lugha ya alama ameibeba tangu kabla hajawa mbunge, na hilo namhesabia.

Sasa mchango: acheni kabisa! Sheria ya fedha za siasa inamkataza mwanasiasa kupokea mchango wa mgeni, hata awe na ukaazi wa kudumu. Mwaka 2011 waziri wa mambo ya nje, Maehara Seiji, alijiuzulu kwa ajili ya jumla ya yen 250,000 alizopewa na Mkorea mkaazi wa Japani waliyefahamiana miaka mingi. Nyinyi mnataka kumsaidia mtu, mtamponza.

Barua haina kosa, andikeni. Ila kifaa cha kusikia hakitoki bungeni, kinatoka shiyakusho, yaani ofisi ya jiji. Nendeni dirisha la ustawi wa watu wenye ulemavu mkaulizie techo, kile kijitabu cha kumtambulisha mtu mwenye ulemavu. Mgeni aliyesajiliwa makazi anapewa kama Mjapani. Watawapa fomu ya daktari, na hapo ndipo watu hukwama: lazima ijazwe na daktari aliyeteuliwa rasmi kwa kazi hiyo, si daktari yeyote wa masikio. Orodha yao iko hapo hapo dirishani. Masikio yote mawili yakiwa hayasikii sauti mpaka ifike desibeli 70 au zaidi, mtoto anaingia daraja la 6. Yakifika 100 ni daraja la 2, ambalo ni zito zaidi. Kwa kichanga, daktari ndiye atakayesema kama vipimo vilivyopo vinatosha au msubiri.

Na msinunue kifaa kwanza! Unaomba, unakubaliwa, ndipo unanunua. Ukitanguliza risiti, imekula kwako. Ukifuata utaratibu unalipa kwa kawaida asilimia 10 ya bei, na haizidi yen 37,200 kwa mwezi. Bei kamili ya vifaa hivyo sitaki hata kuitaja, mtakosa usingizi.

Dada wa Nagoya:

Niongezee la Mzee. Msisubiri techo ndipo mtafute shule. Shule za viziwi huku zina ushauri kwa watoto wachanga pamoja na wazazi wao, na chekechea kuanzia miaka mitatu. Pigeni simu hata wiki hii. Mkiwa na shida ya Kijapani, mwambieni afisa wa afya wa kata anayewatembelea awapigie, ndiyo kazi yake.

Mume wako kama anapenda mambo ya bunge, mwambie tangu Julai 2021 kiziwi huku anapiga simu kupitia mkalimani, saa 24, hata polisi 110 na zimamoto 119. Gharama zinachangiwa na sisi wote: chungulia bili ya simu yako, kuna miezi utaona yen moja hivi imekatwa kwa ajili hiyo. Huo ndio mchango ambao mgeni anaruhusiwa, tena hauombwi ruhusa.

Mama Kifungua Mimba:

Ahsanteni sana. Nimemsomea baba mtoto, ile ya waziri kujiuzulu imemnyamazisha. Swali moja: visa yetu ni ya familia, mume ndiye mwenye kazi. Techo haitatuletea tabu tukienda kuongeza muda?

Mzee wa Chiba:

Techo ni haki ya mkaazi, haiandikwi kwenye kadi ya ukaazi. Wanachoangalia huko ni kazi ya mumeo, kodi na bima. Hizo zikiwa safi, nendeni dirishani bila hofu. Bebeni kadi zenu, namba ya mtoto ya My Number (namba ya utambulisho ya kila mkaazi), na picha yake ndogo ya sentimita 4 kwa 3. Ya kichanga ipigeni akiwa ameshiba.