Impreza iliyoshushwa inalala kulia: mm 16 mbele, mm 5 nyuma

Mwanatudor
Salamu wakuu. Gari ni Impreza ya 2006, limeshushwa kama mm 40 kwa springi fupi mbele na nyuma, shoki ni zile zile za zamani. Tangu springi zifungwe linalala kulia. Nimepima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa fenda, upepo 32 matairi yote, tangi nusu, ndani hamna mtu:

Mbele: kushoto 343, kulia 327
Nyuma: kushoto 338, kulia 333

Nimepimia kwenye uwanja wa petroli stesheni hapa Tudor. Siku ile ya kufunga springi, loa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) ya mbele kushoto ilitiwa bushi mpya. Fundi mmoja ataka kuweka shimu (kipande cha kuinua springi) ya mm 16 mbele kulia. Mwingine asema springi ya mbele kushoto ikatwe nusu raundi. Nimfuate yupi? Likoni tayari bampa yabusu rampu ya feri, kushuka zaidi sitaki.

SpanaKibarani
Hata mmoja. Vizuri umepima kutoka habu, maana ukipima kutoka chini tairi lililoisha nalo linaingia kwenye hesabu. Lakini hizo namba zako zinabishana zenyewe kwa zenyewe.

Bodi ni sanduku gumu. Halikubali kulala mm 16 mbele halafu mm 5 nyuma. Likilala, linalala lote, na kwenye sakafu iliyonyooka tofauti ya mbele na ya nyuma hukaribiana sana, hata kama springi moja tu ndiyo mbovu. Kwa hiyo hiyo mm 11 inayozidi haitoki kwenye springi. Ama sakafu imepindika, ama fenda ya mbele kulia iliwahi kugongwa na aliyeirudisha hakuirudisha mahali pake. Na uwanja wa petroli stesheni hujengwa na mwinamo wa kupeleka maji mtaroni, hakuna pabaya pa kupimia kama pale.

Kama ni sakafu, ulalo wa kweli ni wastani: 16 na 5 ni 21, gawa kwa mbili, 10.5. Kama ni fenda, ulalo wa kweli ni 5 tu, na mm 5 mtu hakesheki nayo.

Bomu_La_Mtwapa
Njia rahisi: geuza gari palepale, pua itazame ulikokuwa umeweka mkia, upime tena. Namba zikibadilika ni sakafu.

SpanaKibarani
Hapo utadanganyika, ndugu yangu. Kugeuza kunafichua sakafu iliyoinama upande mmoja. Iliyopindika haifichuki. Tuseme tairi la mbele kulia limepanda kichuguu. Ukigeuza, kichuguu kile kinakuwa chini ya nyuma kushoto, na kuinua nyuma kushoto kunaukunja mfumo vilevile kama kuinua mbele kulia. Namba zitatoka zile zile, nawe utaapa sakafu ni safi.

Tumia mpira wa maji wa mafundi waashi, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Mita 6 zinatosha. Jaza maji polepole kutoka ncha moja hadi hewa yote itoke, kwani povu moja likibaki kwenye mkunjo mpira unakuongopea mm 10 na zaidi. Ncha moja ifunge kwenye fimbo iliyosimama wima, nyingine ipeleke penye kila tairi na uandike urefu kutoka sakafuni hadi usawa wa maji. Palipo chini weka vipande vya plaiwudi vya mm 3 mpaka sehemu nne zilingane. Pandisha gari kwa kusukuma, usilinyanyue kwa jeki. Ukishusha kutoka jeki matairi hubana kwa ndani na gari hubaki juu. Kama umelinyanyua, sukuma mbele na nyuma mita tatu nne, bonyeza kila kona mara kadhaa, ndipo upime.

Sakafu ikishanyooka, pima pia ukingo wa chuma chini ya milango, pale jeki ya gari inapokaa, mbele na nyuma, kila upande. Fenda hupigwa ikanyooshwa na kupakwa rangi, ule ukingo ni nadra kuguswa.

Dada_wa_Bamburi
Naongeza kuhusu ile bushi, maana hapo ndipo nanusa moshi. Bushi ya loa amu si beringi, haizunguki. Mpira wake umeshikana na chuma cha nje na bomba la ndani, na bolti ikikazwa bomba linafungwa. Hapo ndipo mpira unapopahesabu kuwa ndiyo mapumziko yake. Ikikazwa gari liko juu ya jeki na tairi linaning'inia, basi kila gari likikaa chini bushi inasokotwa na inajaribu kuirudisha amu chini. Kuirudisha amu chini ni sawa na kuinua bodi. Kwako ni mbele kushoto, na kushoto ndiko kuliko juu. Kwa gari lililoshushwa msokoto ni mkubwa zaidi, na bushi mpya inaweza kuchanika mapema.

Fanya hivi: gari likae kwenye shimo la gereji, au matairi yote manne juu ya mbao pana zilizo sawa ili upate nafasi ya kuingiza mkono. Legeza bolti za bushi zote za loa amu, kushoto na kulia, mpaka usikie amu imeachia. Toa pia nati ya juu ya linki za stablaiza (vifimbo vinavyoshika ile nondo ya kuzuia gari kulala konani) pande zote mbili. Kwenye shimo usisukume gari, bonyeza tu mbele mara kumi hivi, kisha pima.

Mpangilio una maana. Toa linki kwanza peke yake, pima. Namba ikibadilika, linki mojawapo imepinda au hazilingani urefu. Isipobadilika, endelea na bushi. Ukilegeza vyote kwa pamoja hutajua aliyekuwa mwizi. Kukaza ni gari likiwa limekaa kwa matairi yake, kwa spana ya torki na kipimo cha kitabu cha gari hilo. Nyuma nako kuna linki za pembeni na treilingi amu (mikono inayoshika magurudumu ya nyuma), kama ziliguswa siku ile utaratibu ni huo huo.

SpanaKibarani
Sahihi kabisa. Halafu kwenye springi zenyewe angalia haya kabla ya kulaumu kiwanda.

Kikalio cha chini cha shoki kina kidato. Ncha ya springi inatakiwa ikae nyuma ya kidato, karibu kukigusa. Ikiwa imekipanda, upande huo umeinuka bure, na siku ncha itakapoteleza utasikia mlio kama jiwe kwenye bati. Kikalio cha juu kina alama ya OUT, hiyo itazame nje ya gari. Mpira wa juu ya springi uwe pande zote mbili, mafundi wengine huutupa upande mmoja ukiwa umechakaa. Lebo ya springi fupi mara nyingi ina herufi F na R: F ni mbele, R ni nyuma. Kuna wanaosoma R kama kulia, wakachanganya seti nzima.

Na kwa sisi wa pwani, pitisha kidole na tochi raundi ya chini kabisa. Chumvi hula rangi pale mchanga unapokaa, springi inakatika sentimita chache kutoka ncha na kipande kinabaki kimekaa kikalioni kama hakijakatika.

Kukata nusu raundi sahau. Springi ya raundi 6 zinazofanya kazi ukiiacha na 5.5, ugumu unapanda kama asilimia 9, basi kushoto na kulia hazitalingana tena. Anayetaka kuichoma kwa gesi mwambie hapana mara mbili. Chuma kikishapata moto ule ugumu wake umekwenda, na springi itaendelea kukaa chini kidogo kidogo.

Mwanatudor
Nimefuata. Sakafu ya petroli stesheni sikuirudia, nimetumia sakafu ya godauni na mpira wa maji. Tairi moja lilihitaji vipande viwili vya plaiwudi. Sasa mbele tofauti ni 11, nyuma 10. Ukingo wa chini ya milango wakubaliana, kwa hiyo fenda haina kosa. Linki zilipotoka hakuna kilichobadilika. Bushi zilipolegezwa, mbele ikaja 7, nyuma 7. Ncha ya springi ya mbele kushoto imekipanda kidato, naiona wazi. Nikishairekebisha, shimu bado ile ya 16?

SpanaKibarani
Bado 16 ya nini? Rudisha ncha mahali pake kwanza. Ikibaki mm 4 au 5, iache, ukikaa wewe dereva upande wa kulia peke yako utaibadilisha hata hivyo.

Kama itakulazimu shimu, jua hesabu yake. Kwenye gari lenye shoki za kusimama zilizobeba springi kama hili, na springi zinazokaribiana ugumu, shimu ya mm 10 kona moja haikupi mm 10. Kona hiyo hupanda kama 7.5, jirani zake wawili hupanda 2.5 kila mmoja, na kona ya mkabala hushuka 2.5. Tofauti ya kushoto na kulia inaondoka mm 5 tu mbele na 5 nyuma. Huku uzito umehamia kwenye kona mbili za mshazari, na kwenye breki ya ghafla gari litavuta. Ndiyo maana shimu huwekwa mbele na nyuma upande ule ule, nyembamba kila mahali. Kutaka kuondoa mm 6, weka 6 mbele na 6 nyuma.

Dada_wa_Bamburi
Kufungua shoki ya mbele kunagusa bolti ya juu ya nako (chuma kinachobeba habu), ile yenye umbo la yai inayopanga kamba, yaani tairi linavyoinama ndani au nje. Chora mstari kwa msumari kwenye kichwa chake na kwenye chuma cha shoki kabla hujalegeza. Wilalaimenti ufanye baada ya urefu kutulia, siyo siku hiyo, mpe kilomita mia mbili hivi. Kisha taa za mbele, maana zilipangwa gari likiwa limelala.

Bomu_La_Mtwapa
Na matairi manne yalingane kuchakaa, Subaru hii inavuta kwa magurudumu yote manne. Ile ya kugeuza gari nimeifuta kichwani.